Fundi Eksozi wa Majengo na Sauti ya Mwalimu

Ukipita Majengo, hapa Songea, asubuhi ukaona miguu miwili imetokeza chini ya gari, na huko huko chini mtu anaimba besi ya Misa ya Jumapili, huyo ndiye Pankrasi Haule, huna haja ya kuuliza. Kazi yake ni eksozi. Si injini, si breki, si umeme. Ukimpelekea gari lenye breki mbovu atakuelekeza kwa jirani yake kwa heshima zote, kisha atainama kusikiliza moshi wako unavyotoka, maana huo ndio unaomhusu. Wengine wana macho ya kutambua sura za watu. Yeye ana masikio. Akiwa mezani na chai yake anasema, "Mama Valence, yule aliyepita ni lori la mbao, sailensa yake imetoboka upande wa juu," na mkewe Lukresia anamwambia anywe chai kabla haijapoa, kwa kuwa habari za namna hiyo amezisikia tangu uchumba.

Tena mtu huyu hajui kufurahi kidogo kidogo. Wazo likimjia anakimbia. Sisemi anatembea haraka, la, anakimbia, na ovaroli lake na mikono yake myeusi ya masizi, mpaka akutane na mtu wa kumwambia. Mtaani wamezoea. Akina mama wa nyanya humpisha tu.

Sasa, besi yenyewe alifundishwa na Mwalimu Rupert. Shuleni sauti ya Pankrasi ilivunjika kabla ya wenzake wote, akawa akifungua mdomo darasa zima linaangua kicheko, naye akaamua kunyamaza moja kwa moja. Mwalimu akamsimamisha mwisho wa benchi na kuwaambia wale wachekaji kwamba hiyo ndiyo sakafu ya kwaya, na wao wote watasimama juu yake. Kuanzia siku hiyo hakuacha kuimba, na kuanzia siku hiyo mtu akimgusa Mwalimu Rupert amemgusa Pankrasi.

Mwalimu amezeeka. Anaishi Ruhuwiko, magoti yamegoma, lakini kila Sikukuu ya Ekaristi parokia inapoandamana mtaani, yeye hupandishwa nyuma ya pikapu pamoja na kinanda na spika. Pikapu hutangulia polepole, mwendo wa mguu, padri anafuata na Sakramenti chini ya mwavuli wake mkubwa, watu nyuma. Mwalimu anaimba mashairi peke yake kwenye kipaza sauti, umati unaitikia. Wimbo ni wake mwenyewe, aliutunga akiwa kijana. Ukiimbwa na mwingine unaimbika, ndiyo, ila si ule.

Mwaka jana mambo yaliharibika. Lile gari la parokia lilinguruma njia nzima, kipaza sauti kikainasa ile ngurumo na spika ikaikuza, hata waliokuwa nyuma hawakujua kama Mwalimu anaimba au amenyamaza. Kwaya ikawa inabahatisha. Mara inadakia kiitikio katikati ya shairi, mara inachelewa. Mwisho Mwalimu alifunga mdomo, akakaa juu ya kiti chake huko nyuma ya gari mpaka kanisani, macho yakiangalia viatu vyake.

Basi mwaka huu, mazoezi ya kwanza tu, akasema, "Nitabaki nyumbani. Siwezi kushindana na gari."

Lidwina, kiongozi wa kwaya, alijaribu kumbembeleza ikashindikana. Ndipo Pankrasi akasimama kutoka safu ya besi na kusema bila kufikiri, "Mwalimu, gari nitalinyamazisha mimi. Lisiponyamaza, baki nyumbani, na mimi nitabaki na wewe."

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. "Nakupa mwaka huu mmoja," alisema. "Likinguruma, ndiyo basi. Sipandi tena."

Pankrasi alirudi nyumbani anaruka. Ahadi yenyewe alianza kuiogopa kesho yake, alipoambiwa kwamba lile gari la parokia limekufa kabisa na litakalotumika ni la Chande.

Chande ni mzaliwa wa Nalasi, kule Tunduru, mfanyabiashara wa korosho, na Mwalimu Rupert alimfundisha kusoma na kuandika enzi alipopangiwa kazi Tunduru. "Akitaka nimbebe mgongoni nitambeba," Chande alisema, "sembuse kumpandisha garini." Moyo wa dhahabu, hilo hakuna anayebisha. Tatizo ni pikapu yake. Sailensa yake ilikuwa kopo tupu, matumbo yote ya ndani aliyatoa mwenyewe, kwa sababu anaamini gari lisilopiga kelele halina nguvu. Likianza kuja kutoka njia ya Tunduru, Pankrasi hulisikia kabla mbwa hawajalisikia.

"Asalaam aleikum, fundi," Chande alisema siku ya kulileta. "Ninyamazishie, lakini nguvu yangu usiiguse. Sikukuu ikiisha nina magunia ya kupandisha milimani."

"Wewe niachie mimi," Pankrasi alijibu, na tayari ameshaingia chini ya gari.

Sikiliza jinsi alivyofikiri, maana si mjinga. Sailensa ni sanduku la bati lenye kuta ndani. Moshi unapita kutoka chumba kimoja kwenda kingine, sauti inagonga ukuta, inarudi, inakutana na nyingine inayokuja, zinapunguzana nguvu. Kuta zikiongezeka, kelele zinapungua. Basi Pankrasi akaongeza kuta. Akaongeza tena. Matundu akayafanya madogo na kuyapishanisha ili moshi usione njia iliyonyooka, na nafasi zilizobaki akazishindilia stili waya, zile zile za kusugulia masufuria, mpaka dukani wakamuuliza kama anafungua hoteli. Alipochomelea kifuniko na kuwasha, pikapu ya Chande ikasikika kama cherehani. Alikimbia mpaka kwenye kibanda cha Lukresia, ambaye ndiye mshonaji wa mavazi ya kwaya, akamshika mkono na kumtoa nje na kitambaa chake mkononi.

"Sikia," alimwambia.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo hivyo. Husikii kitu." Alikuwa anacheka peke yake.

Wakapanda gari yeye na Chande kwenda Ruhuwiko kumwonyesha Mwalimu. Hawakufika. Kwenye mwinuko wa kwanza pikapu ilianza kukohoa, ikatetemeka, ikavuta pumzi ya mwisho na kuzima katikati ya barabara, na pikipiki zikawazunguka kwa honi. Chande akateremka, akainama, akashika bomba kule nyuma. Moshi uliokuwa ukitoka ni wa kusingizia tu. Akainuka taratibu.

"Pankrasi, mlongo wangu," alisema, akimwita ndugu kwa Kingoni chake ili kumtania, "hapa ulikuwa unawinda panya. Ninyi Wangoni ndivyo mnavyofanya, mnaziba matundu yote kisha mnajaza moshi shimoni. Sasa humu ndani panya ni injini yangu."

Mtu mwingine angekasirika. Pankrasi alicheka mpaka akashikilia boneti, kwa sababu ilikuwa kweli tupu. Utoto wake wote aliwinda panya wa shambani hivyo hivyo, ziba huku, ziba kule, pulizia moshi, na mikono yake ilikuwa imefanya kazi iliyoizoea. Injini ni pampu. Isipotoa moshi wa zamani haiwezi kuvuta hewa mpya. Walisukuma gari mpaka Majengo wakichekana njia nzima, lakini walipofika kicheko kilikuwa kimemwisha Pankrasi, maana sikukuu ilikuwa Jumapili inayofuata na Mwalimu alikuwa bado hajasikia chochote.

Akaing'oa yote. Safari hii akaweka bomba moja lililonyooka, pana, akalitoboa matundu mengi ubavuni, akalizungushia stili waya nje yake, kisha akalifunika kwa bati. Moshi ukawa na njia yake wazi. Chande akaenda nalo mpaka nje ya mji na kurudi akitabasamu, nguvu iko palepale. Na zile kelele za juu, ule mlio wa kupasua masikio, zilikuwa zimekwisha. Sauti nyembamba hunasa kwenye stili waya kama nywele kwenye kitana.

Nzito hainasi. Hilo ndilo lililomkosesha raha. Gari likienda mwendo wa mguu, mwendo ule ule wa maandamano, lilikuwa linatoa *mmmm* moja ya chini, ndefu, ambayo husikii sana masikioni bali unaihisi kifuani. Wakafunga spika na kipaza sauti kujaribu. *Mmmm* ikatoka kwenye spika kubwa kama ng'ombe. Pankrasi alikaa kwenye tairi bovu, akakataa chakula, na Lukresia alijua mambo si mazuri, kwa sababu huyu mtu hakatai chakula.

Siku ya mazoezi alikwenda kanisani kichwa chini. Mwalimu alikuwa ameletwa na Chande, pikapu imesimama nje ya dirisha, injini haijazimwa. Sasa lazima nieleze jambo moja la kwaya hii. Kabla hawajanunua kinanda, Mwalimu alikuwa akitoa sauti kwa chupa. Chupa za soda, kila moja na kiwango chake cha maji, na kwa ajili ya besi chupa moja kubwa ya mvinyo wa Misa yenye tumbo pana. Anapuliza mdomoni mwa chupa, inalia, waimbaji wanashika. Kinanda kimekuja, lakini zile chupa hajaziacha. Anasema kinanda hukatikiwa umeme, chupa hazikatikiwi.

Akaanza na wanawake, akaja kwa wanaume wa juu, mwisho akainua ile kubwa na kuipulizia besi. Wenzake wakashika. Pankrasi hakushika. Alisimama mdomo wazi akiangalia dirishani. Sauti ya chupa na sauti ya gari ilikuwa moja. Ile ile. Alishindwa kusema chupa inaishia wapi na pikapu inaanzia wapi.

"Besi, tuko wote?" Lidwina aliuliza.

Pankrasi alikuwa ameshatoka mlangoni. Alikimbia na joho la kwaya mwilini, Lidwina akiita nyuma, Chande akicheka kwenye usukani, akapita kwa akina mama wa nyanya joho linapepea, na wazo lenyewe likiwa hivi. Chupa ina sauti yake moja inayoipenda. Hewa iliyomo tumboni ni kama springi: unaisukuma, inajikunja, inarudisha. Basi ukiichomelea chupa ubavuni mwa bomba la eksozi, *mmmm* ikija itaisukuma ile hewa, na hewa itarudisha msukumo ukiwa umechelewa kidogo, kwa hiyo utakutana na *mmmm* inayofuata, mmoja unakwenda na mwingine unarudi, na yote miwili itauana palepale. Moshi wenyewe hauhusiki, unaendelea na safari yake kwenye bomba lililo wazi. Hakuna kilichozibwa. Hakuna panya.

Chupa ya kioo haichomelewi, hilo hata yeye katika wazimu wake alilijua. Nyuma ya banda lake kulikuwa na mtungi wa zamani wa kuzimia moto, mwekundu, mtupu. Akaukata shingo na kuupuliza mdomoni. Ulilia chini kidogo kuliko ile ya Mwalimu. Akatia maji ndani mpaka ukapanda ukafika, akaangalia maji yalipoishia, akayamwaga, akakata chuma pale pale na kuufunga tena. Lukresia alimkuta anaupulizia mtungi huku machozi yanamtoka kwa furaha, joho jeupe limepata masizi mpaka kwenye kola.

"Hilo joho nitalifua mimi?" aliuliza.

"Mama Valence, nitayafua mimi mwaka mzima, majoho yote ya kwaya nzima," alisema.

Siku iliyofuata, mtungi ukiwa umeshachomelewa ubavuni mwa bomba, alimtaka Mwalimu mwenyewe awepo. Chande alimleta, wakamweka kwenye kiti mbele ya banda, koti la baridi begani, maana huu mwezi Songea haina mchezo. Pankrasi akawasha. Pikapu, Chande kwenye usukani, ilianza kutembea polepole mtaani, na *mmmm* haikuwepo. Pankrasi alipiga yowe watu wakatoka madukani. Wakiwa bado wanampongeza, gari likiwa limeshapata moto, ikarudi. *Mmmm.* Alisimama kama aliyemwagiwa maji.

Mwalimu akamwita kwa kidole. "Filimbi ya mwanzi asubuhi ya baridi ina sauti yake," alisema. "Ukiishika mkononi ikapata joto, inapanda. Huo mtungi wako umepanda."

"Kwa hiyo niushushe ukiwa baridi, ili ukipata moto ufike."

"Unauliza nini na unajua?"

Shingo ya mtungi ikiwa ndefu sauti inashuka. Akakata shingo ndefu zaidi, akachomelea, wakasubiri gari lipate moto. Ikawa imezidi kushuka. Akapunguza kidogo. Mwalimu amefumba macho, mkono mmoja hewani, anamwelekeza kwa kidole, juu, juu, bado, hapo. Na ilipofika hapo, ile *mmmm* ilitoweka wakiwa wanaisikiliza. Kilichobaki ni matairi kwenye changarawe. Chande akatoa kichwa dirishani kuuliza kama limezima.

Pankrasi alimgeukia Mwalimu amejaa furaha mpaka pomoni, akitarajia na yeye afurahi. Mwalimu alikuwa amekunja uso.

"Nitapanda," alisema. "Umetimiza neno lako. Lakini ujue umeninyang'anya pa kujificha."

"Mwalimu?"

"Sauti imekwisha, Pankrasi. Pumzi hainitoshi shairi moja. Hata mwaka jana lile gari lilinisaidia kuliko lilivyonisumbua. Nikikatika, watu walisema ni gari." Akajifunga koti vizuri. "Sasa watasikia."

Pankrasi hakulala vizuri wiki hiyo. Furaha ilikuwepo, lakini imechanganyika na woga, na alipomweleza Lukresia, mkewe alimwambia tu kwamba jambo lenyewe limeshafanyika na Jumapili inakuja.

Jumapili ikaja na upepo wake. Watu walivaa masweta ndani ya mavazi meupe. Mwalimu alipandishwa, kinanda kikapandishwa, Chande akakaa kwenye usukani na kofia yake ya kufuma, na Pankrasi akatembea kando ya gurudumu la nyuma, spana mfukoni mwa joho. Pikapu ikaondoka. Watu waliokuwa mbele waligeuka kuona kama kweli inakuja, kwa sababu hawakuisikia. Pankrasi alijihisi anaweza kuinua gari lote kwa mkono mmoja.

Kisha Mwalimu akaimba. Sauti ilikuwa ndogo, kavu, na kila neno lilifika. Majengo wenye maduka walitoka vibarazani. Wauza mitumba waliacha kuita wateja. Bibi mmoja aliyekuwa mwisho kabisa wa maandamano, mbali kule, alionekana akisogeza midomo naye pamoja.

Katikati ya shairi, pumzi ikamkatikia. Neno lilikatwa nusu. Pankrasi akaona ni yeye, ni mikono yake iliyomwanika mzee wa watu barabarani. Aliona Lidwina ameshainua mkono kuiingiza kwaya imfunike, kama walivyozoea.

Hapo spika ikatoa sauti ya Mwalimu akivuta pumzi. Ndefu, nzito, yenye kukwaruza kidogo. Barabara nzima iliisikia, na kila mtu akajua kwamba hajamaliza. Mkono wa Lidwina ulibaki juu palepale. Hakuna aliyedakia, si kwaya, si watoto, si mabibi wa chama cha Moyo Mtakatifu ambao kwa kawaida hawamsubiri mtu. Zilisikika nyayo tu, mamia ya nyayo kwenye changarawe. Mwalimu akamaliza kuvuta pumzi yake, akalirudia lile neno tangu mwanzo, akalimaliza shairi. Lidwina akashusha mkono, na kiitikio kilichotoka hapo kilimfanya Pankrasi asahau kabisa kuimba besi, akawa analia tu kando ya gurudumu.

Ikawa hivyo njia nzima. Anaimba, anakatika, wanamsubiri, anaendelea. Hakuna aliyechoka.

Walipofika kanisani na Sakramenti ikaingia ndani, Chande, akiwa bado anajifuta macho kwa kofia, alizungusha ufunguo kuwasha gari alisogeze kando. Gari lilikuwa halijazimwa. Starta ikalia kwa ukali uliowashtua njiwa kwenye paa, watu wakaangua kicheko, na Mwalimu huko nyuma alicheka mpaka ikabidi ashikwe.

Pankrasi alimteremsha mwenyewe, akamshika kwapani. Alitaka kuomba radhi. Mwalimu akamshika bega na kusimama kwanza, apumzike.

"Nilidhani mnangoja ninyamaze ili muimbe ninyi," alisema. "Miaka yote hii. Leo nimewasikia mkinyamaza ili mnisubiri mimi."

Kisha akauliza mazoezi ya wiki ijayo yanaanza saa ngapi.